Kabla ya Kukadiria Kifo, Tuhesabu Saa

Miongoni mwa mambo ambayo elimu ya tiba imeyashughulikia kwa bidii katika miaka ya karibuni ni hesabu za kukadiria ni nani, kati ya wagonjwa waliolazwa hospitalini, aliye katika hatari kubwa ya kufa. Maradhi yaliyofanyiwa hesabu hizo ni mengi, na mojawapo ni lile la damu kukoma ghafla kuingia mguuni au mkononi. Wataalamu wa nchi za mbali huchukua umri wa mgonjwa, hali ya moyo wake na figo zake, pamoja na vipimo kadhaa vya damu, wakavitia katika fomula, na fomula hiyo ikatoa nambari moja tu: uwezekano wa mgonjwa huyo kuaga dunia kabla ya siku thelathini kutimia. Siku hizi kazi hiyo hukabidhiwa hata kompyuta zenye akili unde.

Naamini kwamba hesabu hizo zina manufaa. Naamini vilevile kwamba zikiletwa Kitui na Makueni kama zilivyo, kabla hatujajizoeza kuandika saa ambayo mgonjwa alianza kuugua, zitatupotosha. Mimi ni mwalimu, wala si daktari. Lakini hisabati ninayoifundisha ndiyo hiyo hiyo inayotumiwa katika fomula hizo, na kwa sababu hiyo nimeona si vibaya nikiwaeleza walimu wenzangu na wanafunzi wetu mahali ambapo mizani inaweza kuegemea upande.

Yafaa kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Hapa sizungumzii damu inayomwagika nje ya mwili, bali damu inayozuiwa ndani ya mshipa isifike inakokwenda. Mara nyingi kizuizi hicho ni donge la damu iliyoganda. Yawezekana donge limejiunda papo hapo katika mshipa uliokwisha kusinyaa kwa miaka mingi ya sigara, kisukari au shinikizo la damu. Yawezekana pia limetoka mbali, ndani ya moyo. Moyo unaopiga ovyo bila mpangilio hauisukumi damu yote. Baadhi yake hutuama katika chumba cha juu, ikaganda, kisha kipande kikachomoka na kusafiri hadi kikakwama katika njia nyembamba mithili ya kizibo katika shingo ya chupa. Zaidi ya hayo kuna majeraha. Goti lililoteguka katika ajali ya bodaboda laweza kuukata au kuuziba mshipa mkubwa upitao nyuma yake, hata kama ngozi haikuchanika. Na kuna kamba: mguu uliovunjika ukakazwa kwa vijiti na vitambaa kupita kiasi, au mguu ulioumwa na nyoka ukafungwa kwa nguvu ili sumu isipande.

Mtu mwenye afya hushangaa akiambiwa kwamba ugonjwa wa mguu huua. Mguu utamuuaje mtu, ilhali wako waliokatwa miguu yote miwili na wanaendelea na maisha? Jibu ni kwamba misuli iliyonyimwa damu kabisa huanza kuharibika pasipo kurekebika baada ya muda wa saa sita hivi. Inapokufa, humwaga potasiamu na uchafu mwingine. Damu ikirudishwa kwa kuchelewa, uchafu huo wote huoshwa kwa mkupuo mmoja hadi moyoni na kwenye figo. Moyo waweza kusimama, na figo zikashindwa kufanya kazi. Isitoshe, wengi wa wagonjwa hawa huwa tayari na moyo dhaifu, kwani moyo huo ndio ulioleta donge. Ndiyo maana hata katika nchi zenye hospitali kamilifu, vitabu vya tiba hueleza kwamba wagonjwa kati ya 10 na 15 katika kila 100 hukatwa kiungo katika mwezi wa kwanza, na kati ya 15 na 20 hufariki kabla ya mwaka kwisha.

Dalili zake si za kificho. Maumivu huja ghafla na kwa ukali usioelezeka. Kiungo hupauka, na kwa kuwa ngozi zetu ni nyeusi, weupe huo hutafutwa katika nyayo, viganja na kucha. Kiungo huwa baridi kikilinganishwa na kile cha pili, na mapigo ya mshipa hayasikiki tena juu ya mguu wala kifundoni. Kisha hufuata ganzi, na mwisho kupooza. Dalili mbili hizi za mwisho ndizo zinazomwambia tabibu kwamba muda unakaribia kwisha. Madaktari huwagawa wagonjwa katika makundi kulingana na dalili hizo: wale ambao kiungo chao hakijawa hatarini, wale ambao chaweza kuokolewa kikishughulikiwa upesi, wale ambao lazima damu irudishwe papo hapo, na wale ambao kiungo kimekwisha kufa na kilichobaki ni kuyaokoa maisha. Mgonjwa mmoja aweza kuyapitia makundi yote manne kati ya kifungua kinywa na chakula cha jioni.

Tiba nayo ipo, wala si ya jana. Mnamo 1963 daktari mpasuaji wa Marekani, Thomas Fogarty, pamoja na wenzake, walichapisha maelezo ya kifaa chepesi: mrija mwembamba wenye kibofu kidogo nchani. Mrija hupitishwa ndani ya mshipa ukalivuka donge, kibofu kikajazwa, kisha ukavutwa nyuma na kulitoa donge lile kupitia tundu dogo la kinena. Kabla ya hapo, mgonjwa hupewa heparini, dawa ya kuzuia damu isiendelee kuganda. Dawa hiyo haihitaji chumba cha upasuaji. Huhitaji mtu aliyeutambua ugonjwa na aliye na idhini ya kuitoa.

Sasa tuitazame nchi yetu. Kaunti ya Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Ni kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda. Katika sensa ya 2019 ilikuwa na wakazi 1,136,187, na Makueni 987,653. Hospitali za rufaa za kaunti zimo mjini Kitui na Wote. Wapasuaji waliobobea katika mishipa ya damu ni wachache mno nchini, na wengi wao wamo Nairobi, zaidi ya kilomita 150 kutoka mjini Kitui. Mwenyeji wa Tseikuru au Kyuso, kule kaskazini, humbidi kwanza afike Mwingi. Wa Ikutha hutazama Mutomo. Mkaazi wa Mtito Andei anaishi kando ya barabara kuu, lakini yuko karibu nusu ya njia ya kwenda Mombasa. Lami ya kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui imeifupisha safari ya wengi, na jambo hilo lastahili shukrani. Hata hivyo, vijiji vingi viko mbali na lami, na wakati wa mvua mto wa mchanga uliokuwa njia asubuhi huwa kizuizi jioni.

Jirani yangu mmoja, mzee wa umri wa miaka sitini na ushei, aliamka alfajiri moja mguu wake ukimuuma kana kwamba umetiwa katika kaa la moto, na huku ukiwa baridi kama jiwe la mtoni. Jamaa zake, kwa mapenzi yao yote, walidhani ni ugonjwa wa viungo. Wakauchua kwa mafuta, wakaukanda kwa maji moto. Siku ya pili akapelekwa katika zahanati, akapewa vidonge vya maumivu. Siku ya tatu ndipo safari ya hospitali kubwa ilipoanza. Alipofika, vidole vilikuwa vimeshageuka rangi. Mguu ulikatwa juu ya goti, na baada ya juma moja mzee akafariki. Katika karatasi zake niliona umri, shinikizo la damu, kiasi cha sukari na uzito. Sikuona popote palipoandikwa saa ambayo mguu ulianza kuuma. Si kwamba mtu fulani alikusudia kuiacha. Fomu yenyewe haikuwa na nafasi ya kuijaza.

Hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Fomula haiwezi kuhesabu kile ambacho hakikuandikwa. Ikiletewa umri, itasema umri ndio uuao. Ikiletewa kipimo cha figo, itasema figo ndizo ziuazo. Na kwa kuwa mgonjwa aliyekaa siku tatu bila damu mguuni atafika figo zake zikiwa zimekwisha kudhoofika, kosa la barabara litaandikwa kuwa kosa la figo. Msomaji wa matokeo hayo atahitimu akiamini kwamba wazee wa Kitui hufa kwa sababu ni wazee, ilhali baadhi yao hufa kwa sababu hapakuwa na gari usiku ule.

Naomba wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wanifuate katika mfano mdogo, ambao nambari zake ni za ubaoni tu wala hazikutoka hospitali yoyote. Tuseme watu kumi wanaoishi karibu na hospitali kubwa wanapatwa na ugonjwa huu. Wote kumi wanafika, na wawili wanafariki wodini. Daftari la hospitali litasema: vifo ni asilimia 20. Tuseme tena kwamba watu wengine kumi wanaoishi mbali wanapatwa na ugonjwa uo huo. Wanne wanafia nyumbani au njiani. Sita wanafika, na mmoja kati yao anafariki. Daftari litasema: kifo kimoja kati ya wagonjwa sita, yaani kama asilimia 17. Mtafiti asiyetoka nje ya hospitali atatangaza kwamba kukaa mbali hakuna madhara, pengine kuna heri. Lakini ukweli ni kwamba kati ya watu kumi wa mbali wamekufa watano. Daftari halikusema uongo hata kidogo. Limewahesabu wale tu waliolifikia.

Mkasa wa namna hii si wa kubuni tu. Huko Marekani, watafiti waliokuwa wakifundisha kompyuta kukadiria vifo vya wagonjwa wa nimonia walikuta kompyuta imejifunza jambo la ajabu: kwamba mwenye pumu akishikwa na nimonia, hatari yake ya kufa ni ndogo kuliko ya mtu asiye na pumu. Walipochunguza walitambua sababu. Mwenye pumu, kwa kuwa madaktari walimhofia, alikuwa akipelekwa moja kwa moja katika kitengo cha wagonjwa mahututi na kushughulikiwa kwa ukamilifu, na huduma hiyo ndiyo iliyomwokoa. Lau fomula ingalifuatwa, wenye pumu wangalirudishwa nyumbani wakafie huko. Habari hiyo ilielezwa kinaganaga katika makala ya kitaalamu ya mwaka 2015, na ni funzo kwa kila atakaye kuiamini nambari pasipo kuuliza ilivyopatikana.

Kuna funzo jingine lililo karibu zaidi na wagonjwa wetu. Wale ambao moyo wao hupiga ovyo hupewa dawa ya kuzuia madonge. Katika Ulaya na Marekani, wagonjwa wengi wa aina hiyo ni wazee ambao vali za moyo wao ni nzima, na kwao dawa mpya zimethibitika kufaa. Ilidhaniwa basi kwamba zitawafaa pia wale ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya utotoni, nao wengi ni vijana wa nchi kama zetu. Mnamo 2022 yakachapishwa matokeo ya utafiti ulioitwa INVICTUS, uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 kutoka nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Ilionekana kwamba waliotumia dawa ya zamani, warfarini, walikufa wachache kuliko waliotumia dawa mpya ya rivaroksabani. Dhana iliyojengwa juu ya miili ya watu wengine ilianguka ilipopimwa juu ya miili ya watu wetu. Ikiwa dawa yaweza kutofautiana hivyo, sembuse fomula ya kukadiria kifo?

Nisieleweke vibaya. Simo miongoni mwa wanaosema kwamba kukadiria kifo ni kumwingilia Mungu kazi yake, wala sidai kuwa kila kitokacho ughaibuni ni sumu. Mizani ya kupima hatari imeokoa watu wasio na idadi. Mnamo 1953 Virginia Apgar, daktari wa New York, alichapisha alama zake za kumpima mtoto mchanga kwa mambo matano: mapigo ya moyo, pumzi, ukakamavu wa misuli, mwitikio na rangi. Alama hizo ziliwafanya wakunga wamtazame mtoto ambaye awali angewekwa kando akidhaniwa kuwa amekwisha kufa. Kila alama ilikuwa wito wa kutenda.

Wala hatuna haja ya kwenda New York. Katika miaka ya 1990, jijini Kampala, daktari mpasuaji Olive Kobusingye na wenzake walitunga mizani ya kuwapima majeruhi, nayo ikapewa jina la mji huo. Walijua kwamba wauguzi wa Afrika Mashariki hawana mashine za bei kubwa kando ya kila kitanda. Kwa hiyo walichagua mambo ambayo muuguzi aweza kuyapata kwa macho, masikio na kifaa cha kupimia shinikizo: umri, idadi ya majeraha makubwa, shinikizo la damu, kasi ya kupumua, na iwapo majeruhi ana fahamu. Mizani hiyo imetumiwa na kuchunguzwa katika nchi nyingi. Ilizaliwa katika daftari lililotunzwa vyema na watu waliokuwa wakiijua wodi yao. Hilo ndilo ninalolitamani kwa Kitui na Makueni.

Hoja inayoletwa dhidi ya maoni kama haya ni kwamba rasilimali ni haba. Husemwa: ikiwa ambulensi ni moja na wagonjwa ni wawili, si ni busara fomula ituoneshe nani ana matumaini? Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Madaktari wetu hufanya uchaguzi wa namna hiyo kila juma, mara nyingi kimoyomoyo, na pengine ni afadhali uchaguzi huo ukafanywa kwa kipimo kinachojulikana kuliko kwa kumtazama mtu amevaa nini. Lakini tuitazame nambari yenyewe. Fomula isemapo hatari ya kufa ni asilimia 40, maana yake ni kwamba kati ya watu 100 wanaofanana na mgonjwa huyu, 60 wataishi. Haisemi yeye yumo katika kundi lipi. Alama ya kubwa ya hatari yapasa iwe sababu ya kumtanguliza mgonjwa, kumwita mpasuaji na kuandaa figo zake, si sababu ya kumwacha koridoni. Na Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 43, imelikata shauri hili: kila mtu ana haki ya kupata huduma za afya za kiwango cha juu kinachowezekana, na hakuna anayeruhusiwa kunyimwa matibabu ya dharura. Mguu usio na damu ni dharura, sawa na nyumba inayoungua.

Tunajua pia kwamba kuchelewa si suala la barabara pekee. Ni suala la mfuko. Jamaa husita nyumbani wakihesabu pesa za gari, za kitanda na za dawa, huku saa zikiyoyoma. Mwaka 2016 Makueni ilianzisha mpango wake wa afya kwa wote, ambapo kila familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka, ikatibiwa katika hospitali za kaunti bila kudaiwa mlangoni. Mpango huo ulivutia macho ya nchi nzima, kwa kuwa uliondoa swali lile la kwanza linalowachelewesha maskini. Sheria za afya zilizopitishwa na Bunge mwaka 2023 zimeanzisha hazina ya dharura na maradhi sugu. Kipimo cha hazina hiyo kitakuwa rahisi: je, mkulima wa Kibwezi aamkaye na mguu baridi saa kumi za usiku ataondoka nyumbani mara moja bila kwanza kuuza mbuzi?

Nini basi kifanywe? Kwanza, katika kila zahanati na kila hospitali ya kaunti hizi mbili, fomu ya mgonjwa mwenye tatizo la kiungo iwe na nafasi ya saa tatu: saa ambayo maumivu yalianza, saa aliyofika katika kituo cha kwanza, na saa ambayo damu ilirudi au kiungo kilikatwa. Wino wa mistari mitatu haugharimu chochote. Na kwa wale wanaofia nyumbani, machifu na wahudumu wa afya ya jamii waandike vivyo hivyo, ili daftari la hospitali lisibaki peke yake likijisifu. Mnamo 2023 wahudumu hao walikabidhiwa na serikali vifaa vya kazi, vikiwemo vya kupima shinikizo la damu na sukari. Waongezewe ujuzi wa kugusa miguu yote miwili na kutafuta mapigo.

Pili, muuguzi wa zahanati apewe nambari ya simu ya daktari wa zamu katika hospitali ya rufaa, na mwongozo wa nani aweza kuidhinisha heparini kabla ya safari kuanza. Tatu, baada ya miaka kadhaa ya daftari safi, wataalamu wetu waikusanye hesabu hiyo, waipime fomula ya ughaibuni juu yake, na waseme wazi inapokosea. Ikitabiri vifo 20 ilhali hapa hufa 35, irekebishwe au itupwe. Nne, mgonjwa na jamaa zake waelezwe hatari hiyo kwa Kikamba au Kiswahili, kwa maneno yasiyo na vitisho, wajue ni kitu gani kinachoweza kufanywa na ni kwa nini kifanywe sasa.

Na shule je? Wengine wataona nimewapeleka walimu wodini bila sababu. La hasha. Mengi ya madonge yanayowaangusha vijana huanzia darasani. Mtoto huumwa na koo linaloletwa na vijidudu, asitibiwe; baada ya majuma machache homa ikavamia viungo na moyo; vali zikapata makovu; na miaka kumi au ishirini baadaye moyo ukaanza kupiga ovyo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2014, ambao Kenya ilishiriki, ulionesha kwamba nusu ya wagonjwa wa vali za namna hiyo walikuwa na umri usiozidi miaka 28. Penisilini ikitolewa mapema huizuia homa hiyo, na aliyekwisha kuugua hulindwa kwa sindano ya kila majuma matatu au manne. Mwalimu anayemwona mwanafunzi akishindwa kumeza mate, ana homa, kisha magoti yake yakavimba, asimwambie avumilie hadi mwisho wa muhula.

Aidha tuwafundishe wanafunzi wetu jambo moja kuhusu kamba. Mtu akiumwa na nyoka, iwe swila au bafe, asikazwe mguu kwa kamba. Alazwe, atulizwe, kiungo kisichezwe, avuliwe pete na viatu, na apelekwe hospitali. Kukaza kwa nguvu ni kwa jeraha linalobubujika damu lililokataa kuzuilika kwa kubonyezwa, na hata hapo saa ya kufunga iandikwe. Kamba nyingi zilizofungwa kwa nia njema vijijini mwetu zimefanya kazi ambayo sumu haikuifanya.

Mwisho, mwalimu wa hisabati ana fursa hapa. Somo la uwezekano hufundishwa kwa sarafu na dadu, na wanafunzi huuliza litawafaa nini. Waulizwe basi: wagonjwa waliohesabiwa walikuwa nani? Ambao hawakuhesabiwa wako wapi? Nambari hii inatutaka tufanye nini? Mwanafunzi atakayeuliza maswali hayo leo ndiye atakayekuwa tabibu wa Mutomo au mtunza takwimu wa Wote kesho, naye hataipokea fomula kwa kuwa tu imechapishwa.

Wazee walisema haraka haraka haina baraka, na katika mengi walisema kweli. Methali hiyo haikutungwa kwa ajili ya mguu uliopoa ghafla. Kwa mguu huo tuna muda wa saa sita hivi, na sehemu kubwa ya muda huo hupotelea nyumbani, njiani na kwenye benchi. Wizara za afya za Kitui na Makueni zianze na mistari ile mitatu katika fomu, mwaka huu, kabla hazijanunua kompyuta hata moja.